Alumini nyembamba: msuguano, TIG au riveti?

Mpemba_wa_Wete: Assalaam alaykum. Nataka kuunga shiti za alumini niunde masanduku ya barafu ya samaki. Fundi wa TIG, ile welding ya umeme na gesi, kanitajia bei ya kunikimbiza. Jamaa yangu ana milingi kuukuu, mashine ya kuchonga chuma, anasema tutaunga kwa msuguano, bila gesi ya argoni. Nifuate lipi?

Saateni_Kwetu: Waalaykum salaam. Unene? Aloi gani? Masanduku mangapi? Yakhe, hujasema kitu.

Baraste: TIG, basi. Ila mashine iwe na AC, umeme wa kugeukageuka, ndio unaovunja utando wa oksidi juu ya alumini. Ule utando hauyeyuki mpaka uvuke 2,000°C, na alumini yenyewe inayeyuka kwa 660.

Mpemba_wa_Wete: Milimita 1.5, imepigwa chapa 5052. Masanduku sita kwa kuanzia.

BintiKarakana: Msuguano si porojo, ulibuniwa TWI, taasisi ya mambo ya welding huko Uingereza, 1991. Pini ya zana inazama kwenye mshono huku inazunguka, alumini inalainika bila kuyeyuka, inakorogeka ikashikana. Lakini tuulize sisi tuliojaribu kwenye milingi! Tulibana shiti pembeni tu. Ilipopata moto ikabenuka katikati, ncha zikaachana, bega la zana, ile sehemu pana juu ya pini, likaanza kula shiti. Tukarudia: bamba nene la chuma chini, vibanio karibu na mshono, pini fupi kidogo kuliko unene. Mshono ukatoka safi, mpaka tukafurahi. Halafu spindo, mhimili unaozungusha zana, ikaanza kunguruma. Beringi zimekwisha, maana kazi hii inasukuma chini kwa nguvu kubwa mno. Mwenye mashine mpaka leo hatusemeshi. Na pini ikitoka huacha tundu mwisho wa mshono. Uache kipande cha ziada ukikate.

Zena_Mkokotoni: Kwani riveti, zile pini za kubana shiti, na silikoni ya kuziba zina ubaya gani?

Baraste: Riveti za chuma cha pua na maji ya chumvi? Alumini italiwa pembeni yote.

Zena_Mkokotoni: Nani kasema chuma cha pua? Zipo za alumini.

Saateni_Kwetu: Mimi ningefanya faiba, nikalala.

Mpemba_wa_Wete: Faiba yangu ilipasuka. Wapagazi wanalirusha sanduku kama gunia la karafuu.

BintiKarakana: Kaka, na kona? Msuguano unapenda mstari ulionyooka kwenye shiti bapa. Kunja sanduku kutoka shiti moja, ubaki na mishono minne tu ya kona, hiyo umpe wa TIG. Bei itashuka.

Mpemba_wa_Wete: Hilo limeniingia. Mashine ya kukunjia iko wapi Pemba?

Zena_Mkokotoni: Chake niliiona moja, ya mita moja.

Mpemba_wa_Wete: Langu mita na robo.

Saateni_Kwetu: Kwani barafu siku hizi mnanunua bei gani huko?