Nikipitishe kiraka hiki? strncpy imebadilishwa kuwa strscpy kwenye draiva ya diski

Mleta mada
Wakuu, salamu. Nimepewa kukagua kiraka (mabadiliko ya kodi) cha kerneli ya Linux, draiva ya SCSI (njia ya kuongea na diski) tunayoitunza wenyewe kazini. Mwenzangu ameng'oa strncpy zote akaweka strscpy (zote mbili hunakili stringi, yaani maandishi yanayofungwa kwa baiti ya sifuri), kwa kuwa mwongozo wa kerneli unakataza strncpy kwenye kodi mpya. Mstari unaonisumbua ni huu, unaonakili jina la mtengenezaji kutoka jibu la diski (inq) kwenda kwetu (dev):

`strscpy(dev->vendor, inq->vendor, sizeof(inq->vendor));`

inq->vendor ina baiti 8, dev->vendor ina 9. Nimejaribu kwenye QEMU (mashine ya kuigiza), jina linatoka vizuri na kompaila imenyamaza. Ila moyo unasita. Nisaidieni kabla sijaweka jina langu hapo.

mzee_wa_diski
Usiweke. Jibu la INQUIRY, amri ya kuiuliza diski ni ipi, halina stringi ndani yake, lina vyumba vya ukubwa maalumu: mtengenezaji baiti 8, bidhaa 16, toleo 4. Jina likiwa fupi, panapobaki hujazwa nafasi tupu. Sifuri ya kufungia hakuna. Sasa strscpy lazima iweke sifuri ndani ya ukubwa ulioipa, kwa hiyo ukiipa 8 inabeba herufi 7. QEMU imekufichia kosa: "QEMU" ni herufi 4, kilichokatwa ni nafasi tupu. Washa diski ya majaribio kwa `scsi-hd,vendor=ABCDEFGH` uone.

Asha_C
Si aweke tu sizeof(dev->vendor), yaani 9? Herufi zote 8 zitaingia.

mzee_wa_diski
Zitaingia dada, na jina litaonekana sahihi, ndiyo maana naiogopa zaidi hiyo. strscpy itatafuta sifuri kwenye chanzo cha baiti 8, isiikute, ivuke mpaka na kusoma baiti ya kwanza ya jina la bidhaa. Kerneli iliyojengwa na FORTIFY_SOURCE (ukaguzi wa mipaka ya kumbukumbu) inaweza kulikamata hilo mashine ikiwa kazini. Draiva ya mpt3sas ilirekebishwa mwaka 2024 kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Tumia `memtostr(dev->vendor, inq->vendor)`, inayogeuza chumba cha baiti kuwa stringi, ipo kuanzia kerneli 6.10. Kama mko kwenye ya zamani, nakili baiti 8 kwa memcpy kisha `dev->vendor[8] = 0`. Na inq->vendor itieni alama ya `__nonstring`, ili atakayekuja baadaye asidhani ni stringi.

tumbatu_dev
Naongezea, kwa sababu hili huwa halionekani kwenye kiraka chenyewe. strncpy ilikuwa inajaza sifuri hadi mwisho wa ukubwa ulioipa. strscpy haina desturi hiyo, baiti zinazobaki inaziacha zilivyo. Ikiwa struct (kifurushi cha data) iko kwenye staki (kumbukumbu ya muda), haijasafishwa, halafu ioctl (mlango wa programu kuongea na draiva) inainakili kwenda kwa mtumiaji, mabaki ya kumbukumbu ya kerneli yanatoka nayo. Fuata kila kinachojazwa uone kinaishia wapi. Kinachotoka nje kipe strscpy_pad au memtostr_pad, zinazojaza sifuri hadi mwisho.

Mleta mada
Nimejaribu mzee wangu. Imetoka ABCDEFG, H haipo! Na tumbatu_dev, ipo ioctl moja yenye struct ya staki, hakuna memset (ya kuisafisha) popote. Asanteni sana. Kiraka nimekirudisha, nimeomba kila strscpy ielezwe chanzo chake ni stringi au ni chumba cha baiti.