Hewa ukaa ikizikwa chini ya bahari, haitarudi juu?

Mkulima wa Mwani, Micheweni
Assalaam alaykum. Nimesikia redioni kwamba Norwei wanaizika hewa ukaa chini ya bahari. Riziki yetu huku Pemba ni mwani, chaza na pweza. Naomba wenye ujuzi mnieleze: inawekwa wapi hasa, na nini kinachoizuia isipande juu?

Maalim wa Chake
Waalaykumu salaam, dada yangu. Haimwagwi majini. Kwenye eneo la Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, ambako kazi hii ilianza mwaka 1996, gesi asilia hutoka kisimani ikiwa na takriban asilimia 9 ya hewa ukaa, ambayo hutenganishwa palepale baharini na kushindiliwa kwenye mwamba wa mchanga ulio kiasi cha mita 800 hadi 1,000 chini ya sakafu ya bahari. Kina hicho kina mgandamizo mkubwa, kwa hiyo hewa hiyo husongamana hadi kukaribia uzito wa kimiminika, ikapenya katika vitundu vidogo mno vya mwamba vilivyojaa maji ya chumvi. Juu yake limelala tabaka nene la udongo ulioshikamana, na hilo ndilo kizuizi. Kadiri miaka inavyopita, sehemu yake huyeyuka katika maji yale, nayo yakawa mazito zaidi na kuelekea chini.

Baharia wa Malindi
Maalim umeeleza vyema, lakini tusiishie Sleipner. Huko huko Norwei, katika eneo la Snøhvit, walianza mwaka 2008, na haukupita muda mrefu mgandamizo ukapanda kuliko walivyotarajia, kwa kuwa mwamba ule haukuipokea hewa kama walivyokisia. Mwaka 2011 wakalazimika kuhamia tabaka jingine. Kila mwamba una tabia yake, na wa Mkondo wa Pemba hauwezi kuhukumiwa kwa wa Norwei. Mimi ninachokihofia zaidi ni visima vya zamani vilivyozibwa vibaya, maana hizo ni njia zilizokwisha kutobolewa.

Maalim wa Chake
Hilo ni kweli kabisa. Ikivuja, maji ya mahali pale huongezeka asidi, na viumbe wenye magamba ya chokaa, kama chaza, ndio wa mwanzo kuumia.

Mkulima wa Mwani, Micheweni
Ahsanteni sana. Basi wakija kwetu, nitataka maji ya bahari yetu yapimwe kabla kisima hakijachimbwa, na iandikwe ni nani atakayeendelea kuyapima baada ya kisima kufungwa.