Naombeni ushauri: vitabu vinne vya miaka ya 80, muuzaji anasema vyote ni toleo la kwanza

Kabati_la_Februari
Wakuu, habari za jioni. Niko Leicester, Uingereza. Februari huku ni mwezi wa historia ya wapenzi wa jinsia moja, kuna maonyesho madogo ya vitabu, na nimekabidhiwa kabati la miaka ya 80. Nimempata muuzaji mtandaoni mwenye vinne: The Color Purple cha Alice Walker, Zami cha Audre Lorde, Oranges Are Not the Only Fruit cha Jeanette Winterson na The Swimming-Pool Library cha Alan Hollinghurst. Anasema vyote ni toleo la kwanza, pauni 620 kwa pamoja, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nitajuaje kama ni kweli? Sina amani kabisa.

Mpenda_Kurasa
Mkuu, za nini gharama zote hizo? Vyote vinne vinapatikana kwa chapa za kawaida za jalada laini. Anza na Zami, usome taratibu. Kitabu ni maneno yaliyomo, wala mtu haendi kwenye maonyesho kusoma ukurasa wa hakimiliki.

Fundi_Jalada
Mleta mada kauliza kuhusu toleo, tumjibu hilo. Omba picha sita kwa kila kitabu: jalada la mbele, la nyuma, ukurasa wa hakimiliki wote bila kukatwa, ulimi wa karatasi ya nje penye bei, kona ya chini kulia ya ubao wa nyuma, na uti wa mgongo ukipigwa kutoka juu.

The Color Purple kilitoka kwanza Marekani, Harcourt Brace Jovanovich, 1982. Chapa ya kwanza ina maneno ya toleo la kwanza na chini yake herufi B C D E. Usishtuke kukosa A, ndivyo walivyofanya kipindi kile. Herufi B ikiwa imeondoka, hiyo ni chapa ya pili. Ulimi usipokuwa na bei na ubao wa nyuma ukiwa na kidoti kilichobonyezwa, hicho ni cha klabu ya vitabu, yaani nakala ya bei nafuu ya wanachama, na hapo ndipo wengi hupigwa. Toleo la Uingereza ni la The Women's Press, 1983, wale wenye nembo ya pasi. Ni toleo la kwanza la Uingereza tu, kwa hiyo muulize anamaanisha lipi.

Kabati_la_Februari
Asante sana mkuu. Hicho kina pasi. Zami ukurasa wake unasema hakimiliki 1982, kwa hiyo hicho kiko salama.

Fundi_Jalada
Hapana, bado. Mwaka wa hakimiliki unabaki uleule hata kitabu kikirudiwa mara kumi. Tazama jina la mchapishaji. Zami kilitolewa kwanza na Persephone Press wa Watertown, Massachusetts, 1982. Persephone ilifungwa 1983, kitabu kikahamia The Crossing Press wa Trumansburg, New York. Ukiona mji wa Freedom, California, hiyo ni ya baadaye zaidi. Kwako kimeandikwa nini?

Kabati_la_Februari
Crossing Press. Lakini muuzaji ana sifa nzuri, wateja wengi wamemsifu, na amesema akiuza kimoja kimoja bei itapanda.

Bi_Tumu
Mwanangu, tayari unamtetea. Umeshampa pesa?

Kabati_la_Februari
Nimetanguliza pauni 200.

Bi_Tumu
Zako?

Kabati_la_Februari
Za mchango wa kikundi, watu kumi na wawili. Niliona nikichelewa vitaondoka, na kabati la miaka ya 80 bila Audre Lorde halijakamilika. Sikuona njia nyingine.

Bi_Tumu
Pesa ya mchango ni amana. Waambie wenzako leo, usisubiri Ijumaa.

Msomaji_wa_Zamani
Mkizungumzia vitabu hivi Uingereza msiisahau Aprili 1984. Maofisa wa forodha walivamia duka la vitabu vya wapenzi wa jinsia moja, Gay's the Word, Marchmont Street, London, wakabeba vitabu kwa maelfu. Walitumia sheria ya forodha ya 1876, inayohusu kuingiza bidhaa, ndiyo maana waliandama vilivyotoka nje, hasa Marekani. Wakurugenzi wa duka walishtakiwa, kesi ikaondolewa 1986. Kwenye kabati lako tenga nafasi ya habari hiyo.

Fundi_Jalada
Oranges je? Eleza unachokiona pichani.

Kabati_la_Februari
Pandora Press, 1985. Jalada gumu.

Chapa_ya_Kwanza
Wakuu, hapo nasimama. Oranges kilitoka kwa Pandora 1985 kikiwa na jalada laini. Jalada gumu la mwaka ule limetoka wapi? Mleta mada anatoa habari kipande kipande, na kila kipande kinamsaidia mtu anayetaka kuandika tangazo la kuuza. Naona hadithi hii imetungwa, au yeye ndiye muuzaji.

Mpenda_Kurasa
Hata mimi nimeanza kushuku. Maonyesho gani hayana jina?

Kabati_la_Februari
Sijatunga. Jina la kikundi siliweki kwa sababu si wote wamejitangaza kwa ndugu zao, nanyi mnajua maana yake. Naandika ninachokiona: ubao wa bluu, mbele pamebandikwa jalada lenye picha, limekatwa kingo. Ndani ya jalada la nyuma kuna alama ya gundi ya mstatili. Maandishi yako karibu sana na ukingo wa juu.

Fundi_Jalada
Basi jibu ni hilo, na si jambo la kutunga kirahisi. Hicho ni cha maktaba, kimejalidiwa upya. Jalada laini hukatwa na kubandikwa juu ya ubao, kurasa hupunguzwa kwa mashine, ndiyo maana ukingo umebanwa, na ule mstatili ni mfuko wa kadi ya kuazima. Kwa mkusanyaji thamani imeshuka sana. Kwa kabati la maonyesho, kinaonyesha kwamba kilisomwa na watu wengi.

Chapa_ya_Kwanza
Maelezo yamekaa sawa. Nimekosea kukutuhumu, samahani mkuu. Kwa cha Hollinghurst, kagua kama mchapishaji ni Chatto & Windus, 1988, na pasiwepo mstari wa kurudiwa chapa.

Kabati_la_Februari
Kiko hivyo, hakuna mstari. Wenzangu nimeshawaambia. Mmoja amekasirika, ana haki. Nimemwandikia muuzaji: nachukua Hollinghurst na chenye pasi, Zami kwa bei ya Crossing Press, Oranges kwa bei ya kitabu cha maktaba, la sivyo arudishe 200 zote.

Fundi_Jalada
Vizuri. Vikifika, usiguse uti wa mgongo kwa solotepu, gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Jalada laini la miaka ile gundi imekauka, ukilifungua wazi kabisa kurasa zinachomoka. Weka kwenye kishikizo chenye mteremko, usikifungue kupita nyuzi 90, na mwanga wa taa usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga).

Bi_Tumu
Na kwenye kadi ya Zami andika neno lenyewe lina maana gani. Lorde alilitoa Carriacou, kisiwa cha mama yake: wanawake wanaofanya kazi pamoja, marafiki na wapenzi. Sisi wa Pwani mwanamke humwita rafiki yake shoga, na hakuna anayegeuka kutazama. Weka maneno hayo mawili kwenye kadi moja, ukubwa mmoja wa herufi.