Vibakuli vyangu vya sura ya bahari vinaruka vipande vyenyewe, nisaidieni

Ummu_Kibokoni
Assalaam aleikum na hamjambo wote. Niko hapa Kibokoni, Mombasa, nafinyanga vyombo vidogovidogo, vetezo, bakuli za tende, visahani, sasa nataka kutoa seti nzima yenye sura ya pwani yetu, yani ukishika bakuli uhisi umeshika mwamba wa Nyali maji yakiwa yamekupwa, lile jiwe la mashimomashimo. Udongo nanunua mwekundu wa huko bara na haujawahi kunisumbua. Ili nipate ile ngozi ya mwamba nikatia mchanga wa ufuoni na makombe niliyoyatwanga kwa kinu, halafu nachomewa kwa tanuri ya umeme ya jirani, inafika nyuzi 1000 hivi. Chombo kikitoka mashaallah kizuri, kikikaa siku kadhaa kwa rafu kinaanza kuruka vipande, tak! hata usiku unasikia, na kila kishimo ukitazama katikati kuna chembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Mmoja aniambia udongo mbovu, mwengine ati sikuukanda vizuri. Kuna kastoma wa hoteli anangoja. Nifanyeje, na nikiacha mchanga hiyo sura ya bahari naipata wapi?

kusi_na_kaskazi
Pole dada. Mimi nahisi tanuri inafunguliwa mapema, baridi inaingia ghafla. Mwambie jirani aiache ipoe mpaka asubuhi.

mzee_wa_chokaa
Waleikum salaam mwanangu. Si kupoa wala si udongo. Ingekuwa kupoa ungeona ufa mrefu, hiyo chembe nyeupe ndiyo shahidi. Mchanga wa ufuo wetu umejaa matumbawe na makombe yaliyosagika, na tumbawe ukilipiga moto linakuwa nini? Chokaa! Nyumba za Mji wa Kale zote hizo zimeshikwa na chokaa ya matumbawe, watu walipanga magogo, wakayapanga matumbawe juu, wakatia moto. Sasa wewe umejenga matanuu, yani tanuri za chokaa, madogomadogo ndani ya bakuli. Moto ukifika nyuzi 800 na kitu mpaka 900 chembe inageuka chokaa hai, na hewa ya Mombasa waijua ilivyo, hata chumvi mezani inalowa, basi ile chokaa inanywa unyevu polepole inavimba na haina pa kwendea ndipo inarusha kipande. Hakikisha mwenyewe, weka mchanga kwa kisahani ukamulie ndimu au umwagie siki, ukitoa povu basi umempata mwizi.

kifuu_na_gunzi
Mzee yuko sawa ila msiseme makombe hayafai kabisa. Inategemea moto. Huku Kwale chungu cha kuchomwa nje kwa kuni na makumbi, moto ukiwa mdogo, chini ya nyuzi 700, kombe linabaki kombe na haligeuki chokaa. Pia nasikia ukikanda udongo na maji ya bahari vipande haviruki, jaribu hiyo dada.

fundi_wa_joko
@kifuu_na_gunzi hiyo ya maji ya bahari ni kweli, wafinyanzi wa pwani ya Papua huko Pasifiki wanafanya makusudi kabisa manake chumvi kidogo inaizuia ile chokaa. Lakini huyu dada anatumia tanuri ya umeme tena ya mtu!! Mvuke wa chumvi unakula nyaya za tanuri, wiki mbili tatu jirani atakuja kubisha hodi na si kwa heri. Na chumvi inatokea juu ya chombo inaacha utando mweupe.

Fanya hivi. Kwa ugumu tumia mchanga wa mto (nao upime na ndimu) au vigae vya kuchomwa ulivyoviponda, ila SIO hizo bakuli zako zilizoharibika, hizo zina chokaa tayari. Kwa mashimo ya mwamba tia kitu kinachoungua, mtama, mchele, maranda ya mbao. Punje inaungua inaacha shimo, ukichanganya mtama na mchele mashimo yanatofautiana saizi na hapo ndio inafanana na mwamba kweli. Itatoa moshi kwa hivo madirisha wazi.

Ummu_Kibokoni
Subhanallah nimekamulia ndimu mchanga wangu saa hii, umechemka kama soda. Mzee wangu Mungu akuweke. Na zile zilizotoka jana tanurini bado hazijaruka, zitapona?

mzee_wa_chokaa
Zizamishe kwenye ndoo ya maji leo hii, zikae mpaka kesho. Chokaa iliyo karibu na juu italainika bila kurusha kipande. Chembe ndogo husalimika, kubwa kama punje ya dengu hazina dawa. Lakini hizo usimpe kastoma, kipande kikaja kurukia kwenye tende za watu.

mikoko_tudor
Mi naona hata hio bahari umeitia ndani sana, itie nje. Chukua kombe moja ligandamize kwa udongo mbichi, au tengeneza muhuri wa udongo uuchome, utapiga chapa bakuli mia. Makombe omba hotelini wanaouza chaza, usiokote ndani ya Marine Park, ni hifadhi tangu 1986 na KWS, wale wa Shirika la Wanyamapori, hawacheki na mtu. Halafu nenda Fort Jesus pale kwenye vyombo vya kale, utafute vile vyungu vya pwani vya karne ya 7 mpaka ya 10 shingoni vimechorwa pembetatu zikajazwa mistari. Na vile vya aina ya Kwale, vya zamani zaidi, mdomo umekatwa mshazari, mimi huo mdomo nauona mzuri kuliko chochote kinachouzwa kwa watalii. Miguu ya chetezo ifanye mizizi ya mikoko. Na siku ya bamvua maji yakipwa kabisa shuka ufuoni na kipande cha udongo mbichi, ulaze juu ya ile michirizi ya mchanga, ukiinua umeshapata mistari ya maji. Paka mchanga ubanduke, usipake usichome.

fundi_wa_joko
Hapo mwisho amemaanisha pangusa mchanga wote kabla ya kuchoma 😂. Na ukitaka glezi, ile rangi inayong'aa kama kioo, ya kijani ya bahari ile ya shaba, weka nje tu, ndani usipake, mchuzi wa ukwaju na ndimu zinatoa shaba kwenye rangi inaingia kwa chakula.

mikoko_tudor
Simu hii jamani. PANGUSA.

Ummu_Kibokoni
Nimecheka. Sasa mtama nauchanganya mkavu ama nauloweka?

fundi_wa_joko
Mkavu, na ufinyange siku hiyohiyo, ukilaza udongo na nafaka unachacha na kunuka, punje nazo zinavimba. Kausha kivulini umefunika nailoni, sasa upepo mkali.

Ummu_Kibokoni
Sawa. Mchele wa biriani mamangu hatonipa, nachukua chenga.