Mwenzetu anataka tubandike karatasi za "AMEPOTEA" kutangaza filamu yetu

Mwaka_wa_Pili

Wadau, habari za jioni. Nasomea filamu katika chuo kimoja hapa Nairobi. Tumepewa kazi ya kutengeneza ufunguzi wa filamu ya taharuki, dakika 2, kisha tuutangaze wenyewe. Tuko wanne na simu mbili.

Hadithi yetu iko Pipeline, Embakasi. Mama anafika kwa bintiye orofa ya 6, anabisha, hafunguliwi. Anampigia. Simu inalia, lakini si nyuma ya mlango ule. Inalia kwa jirani. Hapo jina la filamu linatokea.

Mmoja wetu anataka tuchapishe karatasi zenye picha ya mwigizaji wetu, juu tuandike AMEPOTEA, chini nambari ya simu. Ukiipiga unasikia mtu akipumua. Tuzibandike Muthurwa na kwenye steji zote mpaka ile ya Taj Mall, na tuzisambaze WhatsApp bila kusema ni filamu. Wawili wamekubali. Mwigizaji ni binamu yangu, na nyanya yetu yuko Machakos na simu yake haikosi bando. Moyo wangu unasita, lakini sina wazo lingine la kuwapa.

Na kama kuna anayejua kushuti kwenye korido zenye giza, anisaidie.

KameraMkononi

Bandikeni, kaka. Mwaka 1999 The Blair Witch Project ya Marekani ilitangazwa vivyo hivyo: vipeperushi vya watu waliopotea, tovuti iliyodai kisa ni cha kweli. Ilitengenezwa kwa pesa kidogo ikaingiza zaidi ya dola milioni 200. Bango la kawaida mjini hakuna anayeligeukia.

MhaririWaKayole

Kijana wangu, usibandike. Nakuomba.

Mimi ni mhariri wa video. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, miaka 11, hakurudi kutoka shuleni. Tulitoa nakala 200 kwenye saiba, nikazibandika kwa mikono yangu kuanzia steji ya Masimba kuteremka. Usiku wa pili, saa saba, makanga mmoja akapiga. Alikuwa ameiona karatasi mchana, na sasa alikuwa amemkuta mtoto amelala nyuma ya kibanda Muthurwa. Alikaa naye mpaka tukafika. Hatukuwa tunajuana. Alipiga kwa sababu aliiamini ile karatasi.

Kabla yake tulikuwa tumepigiwa mara 11 na watu waliocheka tu au kunyamaza. Kila simu ilipoita kaka yangu alisimama wima. Sasa fikiria nambari yenu inayopumua. Makanga akiipiga yenu leo, kesho akiona ya mtoto wa mtu ataipita.

Na hii ni Nairobi. Tangu maandamano ya Juni 2024 kuna familia zilizozunguka na picha za vijana wao waliotekwa, kituo cha polisi hadi mochari. Watapita mbele ya ukuta wenu.

KameraMkononi amesema kweli, ila hakumaliza. Mama wa mwigizaji wa kike wa Blair Witch alitumiwa kadi za rambirambi na binti yake yu hai. Nyanya yenu hatatumiwa kadi. Atapigiwa simu na jirani.

Sasa kazi. Mnacho kitu kizuri sana na hamjakiona: ule mlio ukutani. Tengenezeni kionjo cha sekunde 20, skrini nyeusi tupu. Mlango unabishwa. Kimya. Simu inalia kwa mbali, na mlio uwe ule wa kawaida ambao kila mtu anao, hata abiria kwenye matatu apapase mfuko wake. Kisha jina, siku na mahali pa kuonyeshea. Waombeni vijana wa matatu zenye skrini wawachezee wakati gari linangoja kujaa.

Kuhusu taharuki yenyewe: Alfred Hitchcock alikuwa akieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila sisi kujua, tunashtuka sekunde 15. Tukijua lipo huku wenye meza wakiongea mambo yao, tunateseka dakika 15. Kwenu simu ndiyo bomu. Kabla mama hajafika mlangoni, mpitisheni kwa jirani, na chini ya mlango tuone mwanga wa simu ukiwaka na kuzimika. Mama asiuone. Sisi tuuone. Ikilia baadaye, tumbo litakuwa tayari limekaza.

Mlio rekodini kupitia ukuta halisi, msiupunguze tu kwenye uhariri. Ukuta hula sauti nyembamba na kuacha nzito, na sikio hutambua. Rekodini pia nusu dakika ya korido yenyewe, watu wote wakiwa kimya, kisha mjaribu tena ndege ikishapita, maana hapo mko karibu na uwanja wa ndege wa JKIA.

Taa: stima yetu ni hezi 50. Wekeni fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za korido zitapepesa kwenye picha, na hilo mhariri hawezi kuliponya vizuri.

Mpangaji_Orofa5

Naishi huko. Korido zetu ni giza hata saa sita mchana, kwa hivyo msije usiku. Geti hufungwa, na watu wanaamka saa kumi kwenda Industrial Area. Anzeni na keretaka, msimamizi wa jengo, kisha mpite mlango kwa mlango orofa nzima mkieleza, kwa sababu tukisikia mama akigonga na kulia tutatoka na marungu. Beba barua ya chuo, na uende Bodi ya Uainishaji wa Filamu kuuliza kuhusu leseni mapema, pamoja na uainishaji kama mtaonyesha kwa umma. Sura za watoto wetu msizichukue bila ruhusa.

Na mkimaliza, tuonyesheni sisi kwanza. Paa lipo, shuka jeupe halikosekani kwenye kamba. Wekeni saa moja na nusu, giza likiwa limeshakolea.

Mwaka_wa_Pili

Asanteni sana. Nimemsomea mwenzetu ujumbe wa MhaririWaKayole tukiwa kibandani kwa chai. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama yule mtoto yuko sawa. Karatasi zimekufa. Keretaka tunamwona Jumamosi.

MhaririWaKayole

Mwambie yuko Gredi ya 6, na jioni haondoki uwanjani mpaka aitwe mara tatu. Mkisharekodi ule mlio nitumieni kabla hamjaugusa, tuusikilize pamoja.