Hats Off ya 1927: tuiache ilivyopotea au tuibunie upya?

Naanza na msimamo wangu: Hats Off isifufuliwe kwa akili mnemba. Kwa asiyeijua, ni kichekesho kimya cha Stan Laurel na Oliver Hardy, cha Marekani, 1927. Hadi leo hakuna nakala iliyopatikana. Jamaa wanachuuza mashine ya kuoshea. Wanaikokota juu ya ngazi ndefu ya nje kule Silver Lake, Los Angeles, wakidhani mteja kapatikana. Kumbe binti wa huko juu anataka tu wamtilie barua yake posta. Mwisho wanagombania kofia, na wapita njia nao wanaingia.

Tunayajua haya kwa maandishi na picha za mnato. Sasa wapo wanaosema kisa kipo, sura zipo, kompyuta imalizie. Imalizie nini? Kofia kuanguka si kichekesho. Kichekesho ni pale Hardy anapoitazama kamera, anavuta pumzi, ndipo analipiza. Pumzi hiyo picha ya mnato haina.

*Mchangiaji:* Unakuza mambo, ndugu yangu. Mikanda ile ilikuwa ya naitreti, plastiki ya zamani inayoshika moto upesi: isipooza, inawaka. Ghala la filamu la kampuni ya Fox kule New Jersey liliteketea 1937. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya 2013 ilikuta ni asilimia 14 tu ya filamu ndefu kimya za nchi hiyo zilizobaki katika umbo lake la awali. Utasubiri mpaka lini? Akosaye la mama, hata la mbwa huamwa.

*Mwanzisha mada:* Hilo la mbwa nakuachia wewe. The Battle of the Century ni ya mwaka uleule, wachekeshaji walewale. Vita vyake vya kurushiana pai tulivijua kwa vipande tu miaka nenda rudi, hadi 2015 mkanda wa pili ulipoonekana kwa mkusanyaji binafsi. Hayawi hayawi, huwa!

Ila picha za mnato zikipangwa kwa mfuatano, na maelezo chini yake, sina ugomvi. Hapo mtazamaji analiona pengo lilipo.

Na ngazi zile bado zipo. Jamaa walizirudia 1932 wakipandisha piano, katika The Music Box, na filamu hiyo ikapata Oscar. Anayetaka kujua Hats Off ilikuwa na uzito gani aanze na piano hiyo, halafu arudi hapa tubishane.