Singida: akina mama wanapinga ukeketaji ila "kutibu lawalawa" wanakubali. Dodoso liulizeje?

Mhudumu_Ikungi
Habari wadau. Tunaandaa dodoso fupi kwa akina mama wenye watoto chini ya mwaka 1, kupima uelewa na mtazamo wao kuhusu ukeketaji. Kwenye majaribio karibu wote wanasema hawauungi mkono. Ukigusia lawalawa (jina la wenyeji la ute, muwasho au maambukizi sehemu za siri za mtoto wa kike, ambayo wanaamini huponywa kwa kumkata) jibu linageuka: "Huo si ukeketaji, ni kumtibu mtoto." Tuulizeje? Na mama akisema mwanawe anayo, tumwambie nini papo hapo?

Takwimu_Afya
Swali la "unaunga mkono?" lisibebe dodoso lote. Kwenye utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, asilimia 95 ya wanawake waliowahi kuusikia ukeketaji walisema ukome. Kila mtu anajua umekatazwa, kwa hiyo hilo ndilo jibu salama mbele ya mgeni mwenye karatasi.

Anzeni na ugonjwa, neno ukeketaji lije mwisho. Lawalawa ni nini? Unaitambuaje? Mtoto akiipata anapelekwa wapi kwanza, na nani anaamua? Kisha mpeni kisa: mama ana binti wa miezi 3, mama mkwe anasema akatwe kidogo ili apone, baba yuko safarini. Afanye nini? Hapo mtazamo wake utajitokeza bila kumtega.

Kwenye madhara, mwacheni ataje mwenyewe kwanza. Mkimsomea orodha atasema ndiyo kwa kila kitu. Na msimhoji mama mkwe akiwa amekaa pembeni, majibu yote yatakuwa ya mama mkwe.

Muuguzi_RCH
Nijibu upande wa tiba, maana watoto wanaumizwa hapa.

Kinachoitwa lawalawa ni mambo kadhaa. Mengine si ugonjwa kabisa: wiki ya kwanza mtoto wa kike anaweza kuvimba mashavu ya uke, kutoa ute mweupe, hata damu kidogo, kwa sababu ya homoni za mama. Yanaisha yenyewe. Mengine ni upele wa nepi au fangasi: wekundu, muwasho, vipele. Na kuna maambukizi ya njia ya mkojo: homa, kulia anapokojoa, kutapika, kutonyonya vizuri.

Kwa nini akina mama wanaamini kukata kunaponya? Kwa sababu ule ute ungeisha hata asingekatwa, na baada ya kukatwa mtoto huanza kuoshwa na kukaushwa kwa uangalifu. Sifa anapewa ngariba. Mwelezeni hivyo hivyo, bila kumdhihaki.

Maelekezo: aoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma, asisugue ndani, asitie sabuni wala dawa za majani. Abadilishe nepi kila ikilowa na aache ngozi ikauke. Fangasi hutibiwa kwa krimu, mara nyingi klotrimazoli ya asilimia 1, lakini aonwe kituoni kwanza. Maambukizi ya mkojo yanahitaji kipimo na antibayotiki. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa aende kituoni siku hiyo hiyo.

Kama ameshakatwa: kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia, mfunikeni apate joto, mpelekeni hospitali. Jivu na majani hapana, huingiza pepopunda. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 hivi, akipoteza 50 tu yuko hatarini.

Mhudumu_Ikungi
Asanteni sana. Sheria tuitaje mwanzoni au mwishoni?

Takwimu_Afya
Mwishoni, dodoso likishafungwa.

Msaidizi_Sheria
Mwishoni sawa, ila msiiache. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinamgusa mlezi anayesababisha binti wa chini ya miaka 18 akeketwe, si ngariba peke yake: kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Kudai ilikuwa tiba hakumwokoi. Baada ya sheria hiyo wengi walihamia kukata vichanga ili isijulikane, ndiyo maana vitisho pekee havitoshi. Mpeni mama namba 116, simu ya mtoto, na mwelekezeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mama anayeshinikizwa na ukoo anahitaji mtu wa nje wa kusimama naye kabla kisu hakijafika.

Muuguzi_RCH
Naongeza: tumieni ziara za chanjo za wiki 6, 10 na 14. Mama yupo kituoni, mara nyingi bila mama mkwe, na mtoto yuko kwenye umri huo huo wa hatari.